Moyo Kwenye Skrini ya Mke Wangu

Jumamosi, 7 Juni

Mwezi wa kwanza wa ndoa umetimia! Mke wangu ameamka kabla yangu, akanitazama nikikoroma, akasema nakoroma vizuri. Vizuri! Nani mwingine duniani amewahi kuambiwa hivyo? Nimeamua kuandika shajara. Furaha kama hii isimwagike bure.

Kwa kumbukumbu: mimi ni fundi wa mapazia. Niliishia kidato cha nne na sikung'ara. Yeye anatengeneza programu za kompyuta na anang'ara hata akipiga mswaki. Kampuni yao imemchukua kwa majaribio, na jaribio lenyewe ni programu ya kliniki ya wajawazito, ili kina mama wapate miadi kwa simu badala ya kukaa kwenye mabenchi tangu alfajiri migongo ikiwauma. Inapanda hewani Ijumaa, mbele ya Bosi wake na Matroni wa kliniki. Ikienda sawa, anathibitishwa kazini. Ikigoma, wanaagana naye. Haiwezi kugoma. Ameiandika yeye!

Jioni alikuwa akifanya mazoezi ya kuipandisha. Nilisimama nyuma yake na kikombe cha chai, nikatazama. Vidole vile! Mistari ikawa inakimbia kwenye skrini, mimi naitazama kama mtoto anayetazama mvua dirishani. Halafu, katikati ya mistari, nikaona moyo. Mwekundu. Pembeni yake maneno ya kigeni. Nikaomba anisomee. Akasoma bila hata kupepesa macho: Imetengenezwa kwa upendo na Mpweke.

Nikauliza huyo Mpweke ni nani. Akasema ndiye mwenye maktaba ya tarehe. Akasema kazi yake ni safi sana, bila yeye asingefika popote.

Alikuwa anatabasamu.

Jumapili, 8 Juni

Nimemhoji kwa utulivu wa mtu mzima. Maktaba gani hiyo? Vitabu viko wapi? Akacheka (kicheko kile!) akanikalisha, akanielimisha kwa mapazia. Aliniuliza kama kitambaa nakifuma mwenyewe. Uzi je? Pete za kuning'inizia? Nikakiri kwamba nanunua. Akasema basi na yeye ni hivyohivyo. Sehemu zake anaandika, nyingine anachukua kwa watu asiowajua, waliotengeneza kitu kizuri wakakiacha wazi kila mtu atumie. Hizo ndizo maktaba. Kila anapoipandisha programu, seva, kompyuta inayoiendesha, inakwenda yenyewe kuzichukua, tena inachukua zilizo mpya kabisa.

Nilielewa kila kitu. Nilielewa kwamba kuna wanaume wanaotumiwa wito kila siku kutoka meza yetu ya kulia chakula. Na mmoja wao ni mpweke na anajitangaza!

Nikamshauri aandike maktaba yake ya tarehe. Kitu gani bwana, si ni Jumatatu, Jumanne, Jumatano? Akasema kuna miaka mirefu, kuna nchi ambako tayari ni kesho, na Mpweke alihangaika nayo miaka mingi. Alisema "alihangaika" kwa sauti ya huruma. Huruma! Kisha akaniuliza kama mimi niko tayari kutengeneza pete zangu.

Nikasema niko tayari. Alinibusu kwenye paji la uso, kama anayeaga mgonjwa. Mwanamke wa ajabu. Nampenda mpaka naogopa.

Jumatatu, 9 Juni

Nimetengeneza pete za mapazia kwa waya, kwa mikono yangu, bila kumtegemea mtu. Vidole vitatu vimefungwa bandeji.

Nimetundika pazia la mteja wa kwanza kwa pete hizo. Limeshuka lote juu ya mama yake wakati amekaa anakunywa maji. Bibi wa watu alidhani amekufa. Alianza kusalimia marehemu mmojammoja.

Dada yangu, ambaye tunagawana chumba cha kushonea na ambaye hakuwahi kunihurumia hata utotoni, alitaka kujua nimeingiwa na nini. Nikamweleza habari za Mpweke. Alicheka mpaka akazima cherehani. Alisema, "Yaani wewe unamwonea wivu mtu uliyemsoma kwenye skrini? Kesho utamwonea wivu msomaji wa habari redioni." Nikamwambia msomaji wa habari hamtumii mke wangu moyo. Akasema mume wake mwenyewe hajawahi kumtumia hata kidole, nimpe anwani ya huyo Mpweke.

Habari njema: Matroni ameagiza mapazia ya mapokezi ya kliniki, kwa pendekezo la mke wangu. Nimeomba niyatundike Ijumaa. Nitakuwepo!

Jumanne, 10 Juni

Nimechukua hatua. Kiume.

Mpweke ana ukurasa wake mtandaoni, na watu wenye shida na maktaba yake wanamwandikia pale. Mke wangu alikuwa anaoga na kompyuta iko wazi. Nikaandika, kwa Kiingereza changu cha sekondari, ujumbe wenye adabu:

Ndugu Mpweke. Salamu. Mimi ni mume. Mke wangu anatumia maktaba yako na ameridhika, ahsante. Lakini moyo uondoe. Moyo anao wangu na unamtosha. Wako katika ujenzi wa kalenda.

Nikabonyeza. Ukapotea kwa heshima. Mke wangu akatoka bafuni na taulo kichwani kama malkia wa nchi ya mvuke, akauliza mbona najichekea. Nikasema ni mapenzi. Sikudanganya!

Jumatano, 11 Juni

Kumbe ukurasa ule unaonekana na dunia nzima. Nimeuona kwenye simu yangu. Na kumbe ujumbe umekwenda kwa jina la mke wangu.

Lakini dunia inaniunga mkono! Mtu wa nchi ya baridi amesema mume ana haki, moyo ule unajaza nafasi bure. Mwingine amesema unamchelewesha. Mwingine ameweka picha ya dole gumba. Wengine nao wakafuata, madole gumba matupu! Sijawahi kuungwa mkono na watu wengi hivi, hata harusini.

Mke wangu hajaona. Wiki hii hafungui barua pepe zozote, akili yote iko kwenye Ijumaa. Amepitia programu yake mstari kwa mstari, kalamu sikioni, miguu juu ya kiti. Nilisahau kula nikimtazama.

Alhamisi, 12 Juni

Mpweke amejibu! Maneno machache. Ameelewa, anaomba radhi kwa mume, kesho asubuhi atatoa toleo jipya lisilo na moyo.

Nimeshinda! Nimemwambia Dada. Alisema nimeshindana na nani, mwenzangu hata hakujua kuna mashindano. Wivu tu.

Ijumaa, 13 Juni

Naandika nimelala kifudifudi. Nitaeleza kwa nini.

Asubuhi, kabla hatujatoka, nilichungulia: toleo jipya tayari, moyo hakuna. Nikaenda kliniki natembea juu ya mawingu. Mke wangu alivaa gauni la bluu. Programu yake ilionyeshwa kwenye skrini kubwa ukutani, Bosi akiwa kulia, Matroni kushoto, na kina mama kwenye mabenchi simu mkononi. Mimi nilikuwa juu ya ngazi na pazia, nafasi nzuri kuliko ya waziri.

Akabonyeza. Mistari ikakimbia. Nikaukodolea macho ukuta mzima nikitafuta moyo. Haupo! Nikarusha ngumi hewani, ngazi ikayumba.

Ndipo mistari ikageuka myekundu. Kisha skrini ikawa nyeupe pe.

Mama mmoja akauliza kama ndiyo imeshaanza. Bosi akatazama saa. Mimi nikatamani ngazi iwe ndefu zaidi, initoe kupitia paa.

Mke wangu hakupiga kelele wala hakujitetea. Alivuta kiti, akasoma yale makosa taratibu kutoka juu hadi chini, kidole kikifuata. Akasema kila kitu kinafanya kazi mpaka kwenye maktaba ya tarehe, na maktaba hiyo imebadilika leo asubuhi. Akafungua ukurasa wa Mpweke kuona kimebadilika nini.

Kwenye skrini kubwa.

Bosi akasoma kwa sauti, akitafsiri kwa ajili ya Matroni. Alipofika kwenye "moyo anao wangu na unamtosha", kina mama wote walikuwa wameshusha simu wasikilize. Matroni akauliza mume huyu ndiye nani. Mke wangu, bila kugeuka, akanyoosha kalamu juu, kwangu.

Nililishika pazia. Pazia halikunishika.

Nikiwa nimeangukia makalio, chini ya kitambaa, nilisikia vidole vyake vikiendelea kubonyeza. Aliiambia seva, kwa mstari mmoja tu, isichukue kilicho kipya: ichukue toleo la jana, na lilelile siku zote mpaka atakapoamua yeye. Akapandisha tena. Nilichungulia kwenye pindo. Mistari, mistari, na katikati yake, mkubwa kama sinia, mwekundu, mbele ya kliniki nzima: moyo wa Mpweke!

Kisha kalenda ikafunguka. Simu ya mama wa kwanza ikalia, miadi yake imeingia. Akaiinua juu kama kikombe cha ushindi. Watu wakapiga makofi. Yote hayo, na chai aliyoletewa Matroni mwanzoni bado inafuka moshi! Nami nikapiga makofi, ndani ya pazia. Niliwaambia waliokuwa wakinifunua kwamba yule ni mke wangu. Walisema wanajua.

Jumamosi, 14 Juni

Hasemi na mimi. Anaosha vyombo kwa sauti.

Amesema sentensi mbili tu. Ya kwanza: amemwambia Bosi kosa ni lake, maana matoleo yalipaswa kufungwa yasibadilike tangu mwanzo, hupandishi kitu mbele ya watu kikitegemea yatakayotokea asubuhi. Mimi nimeiharibu kazi, yeye amebeba lawama! Ya pili: Bosi atatoa uamuzi Jumatatu.

Nikauliza, kwa upole, huo moyo utakaa kwenye programu mpaka lini. Sufuria ilianguka. Labda iliteleza.

Jumapili, 15 Juni

Alimwandikia Mpweke yaliyotokea kliniki, na leo amenisomea jibu lake, neno kwa neno, akinitazama usoni.

Ni daktari wa meno, mstaafu. Mzee. Zamani, alipokuwa akiandika maktaba ile, mkewe alikuwa akikaa pembeni yake na chai. Mke ndiye aliyeutaka ule moyo uwekwe. Sasa ni marehemu, na tangu hapo mzee alibadilisha jina, akajiita Mpweke. Aliposoma ujumbe wa mume alidhani labda wakati umefika wa kuutoa. Aliutoa kwa haraka, macho yakiwa na maji, akafuta pamoja nao faili ambalo hakupaswa kuligusa. Anawaomba radhi kina mama wa kliniki.

Nililia. Nililia mpaka mke wangu akaacha kununa kwa kukosa nafasi. Nikamwomba aniandikie, mimi nitamke: urudishe, Baba. Na sisi chai tunakaa nayo pembeni hivyohivyo. Akaandika yote. Akasema, "Wewe mtu wewe." Lakini alisema kwa sauti ya lile busu la kwenye paji la uso.

Kabla ya chakula cha jioni moyo ulikuwa umerudi kwenye toleo jipya, na faili lake.

Jumatatu, 16 Juni

AMETHIBITISHWA! Naandika kwa herufi kubwa, na bado ni ndogo.

Bosi alisema kupandisha programu mambo yakiwa shwari anaweza yeyote; yeye alitaka mtu anayesoma makosa kabla ya kufungua mdomo. Ameagiza programu zote za kampuni zifungwe matoleo kama alivyofanya mke wangu. Kuna sharti moja, limeandikwa kwenye barua ya kazi: fundi mapazia asikaribie mashine.

Matroni ameagiza mapazia ya wodi zote. Alisema kitambaa kilinipokea vizuri, ni imara.

Dada alipopata habari aliuliza nimejifunza nini. Nikamjibu nimejifunza mengi mno. Akasema ngoja tuone.

Jumanne, 17 Juni

Nimekaa namtazama mke wangu, nikawaza. Mzee wa watu aliweka moyo wa mkewe kwenye kalenda, dunia nzima ikauona kila siku. Na mimi? Mke wangu ametengeneza kitu kizima, kina mama wanakitumia kutwa, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba anapendwa! Hiyo ni haki kweli?

Si kitu kikubwa. Moyo mdogo, pale chini ya miadi. Imetengenezwa na mke wangu, kwa upendo wa mume wake. Mstari mmoja. Ataamka kesho, ataufungua ukurasa kazini, atashtuka kwa furaha.

Ameingia kuoga, anaimba. Kompyuta iko mezani. Tangu Ijumaa ameifunga kwa neno la siri, akaniapia kwamba sitalikisia hata nikijaribu mwaka mzima.

Nimejaribu lile jina analoniita tukiwa wawili.

Imefunguka!