Deki Iliyopumzishwa

Basi lilikuwa limeshaanza kurudi nyuma, konda analipigapiga ubavuni kwa kiganja, sanduku la Kioo limo kwenye buti chini ya magunia ya watu, na Kioo mwenyewe kajikalia dirishani anauaga mji kwa moyo mkunjufu, kama mtu aliyeutendea wema. Alikuwa ameukamua ule mji kama chungwa. Sasa kulikuwa na mteja mmoja anayeuliza habari zake mitaani, na Kioo hakuwa mtu wa kusubiri ajue anatafutwa kwa jema au kwa baya.

Kazi yake, kwa maneno yake mwenyewe, ilikuwa ushauri wa picha. Walimwita Kioo kwa sababu ya miwani yake myeusi inayong'aa, ambayo ukimtazama unajiona wewe, na watu wengi hawaombi zaidi ya hapo. Mtu akitaka deki ya HD, zile za diski zinazotoa picha kali mpaka unahesabu chunusi za muigizaji, Kioo alimchagulia, akamfungia, akamfundisha. Ukweli ni kwamba kwenye begi lake la begani hakukosekani deki kuukuu ya kawaida, ya kuokota kwa mafundi, aliyoivika ganda jipya na kuibandika stika inayometameta. Ile nzuri, iliyonunuliwa kwa pesa ya mteja, ilitoka naye mlangoni. Hii kuukuu ilibaki. Na hakuna aliyewahi kulalamika, maana Kioo aliwaambia wote neno moja: macho yaliyozoea picha ya kawaida huchelewa kuiona HD, na mtu wa hali ya chini huchelewa zaidi. Nani sasa atasema haioni?

Basi lilisimama kidogo kupisha mkokoteni, na hapo ndipo alipomwona Mapipa.

Mapipa alikuwa muuza mapipa ya plastiki, mnene, shati limembana, amesimama mbele ya duka la vifaa vya umeme anafoka kwenye simu kana kwamba mtandao hautoshi bila msaada wa mapafu yake. Stendi nzima ilipata habari. Cherehani alishaiuza, imeondoka, imekwisha, na mke wake aache kumlilia sikioni. Jumamosi shemeji anakuja, na safari hii hatakaa kwenye kochi la mtu kusikiliza sifa za deki ya mtu. Atanunua yake, kubwa kuliko ya shemeji. Tatizo, vijana wa dukani wanamchanganya.

Mtu mwenye pesa taslimu, hasira na shemeji. Kioo alihisi vidole vinamwasha. Begini alikuwa na deki moja ya mwisho iliyovishwa ganda. Akainuka.

Konda akamwambia buti haifunguliwi tena, magunia yatamwagika. Kioo akasema sanduku litangulie, atalikuta mwisho wa safari kesho yake. Akaruka chini, basi likaondoka na nguo zake zote. Yeye hakuligeukia.

Alimkaribia Mapipa kwa heshima zote. Hakumwambia anauza chochote. Alimuuliza tu kama sebule yake inatazama jua la asubuhi au la jioni.

"La jioni," Mapipa akasema. "Kwani vipi?"

"Basi umenusurika, mzee. Ungenunua ile waliyokuwa wanakuuzia, ingekufa ndani ya mwezi."

Yaliyofuata dukani yangemtia aibu mtu yeyote mwenye haya, lakini hapakuwa naye. Muuzaji alileta deki tatu. Ya kwanza Kioo aliitikisa ndani ya boksi lake, akasikiliza, akatikisa kichwa kama daktari aliyechelewa kuitwa. Ya pili ilikuwa pana kama sinia, na Mapipa aliipenda kwa sababu ya ukubwa, ila Kioo akamwambia ukubwa ni wa watu wa zamani, siku hizi tajiri unamjua kwa wembamba wa vyombo vyake. Ya tatu ilikuwa nyembamba na ghali kuliko zote. Hiyo ndiyo. Kwamba ndiyo pekee iliyoingia kwenye begi la begani, hilo halikuzungumzwa. Muuzaji alitaka kuifungua waijaribu, Kioo akamzuia mkono: vumbi la stendi liingie kwenye lenzi? Basi ikatoka dukani na utepe wake wa kiwandani haujaguswa, Mapipa ameikumbatia kama mtoto wa kwanza, risiti imo kwenye mfuko wa shati.

Nyumbani waliikuta ile nafasi. Chini ya ukuta, pembeni ya dirisha, palikuwa na mraba wa sakafu safi kuliko sakafu nyingine, na alama nne za miguu ya cherehani, na vipande vya nyuzi ambavyo hakuna aliyekuwa na moyo wa kuvifagia. Kwa watu wa mtaa, mwenye nyumba hii hakuwa Mapipa. Alikuwa mke wake, Mama Cherehani. Sare za shule za mtaa ule zilipita mikononi mwake, na ada za wanawe zilitoka kwenye ile mashine, maana mapipa hayakuwa yakienda. Mumewe alikuwa ameiuza asubuhi hiyo kwa fundi wa mtaa wa pili, yeye akiwa sokoni.

Hakufoka. Alimkaribisha mgeni, akamletea maji.

Kioo akaanza kazi. Aliomba futi ya kupimia, Mama Cherehani akavua ile ya shingoni akampa. Akapima sebule kwa urefu, kwa upana, na kwa kona. Akapiga makofi mara chache, akasikiliza mwangwi. Akamkalisha Mapipa kwenye kochi, akamfunika jicho moja, kisha la pili, akamuuliza lipi lina asili ya ukoo wa baba. Mapipa alijibu yote. Akiwa amemaliza, Kioo aliikunja futi akaitia mfukoni mwake, si kwa kuihitaji, mkono ulishazoea.

"Sasa," akasema, "mashine inapumzika mpaka Jumamosi. Isiwashwe."

"Kama friji?"

"Friji ni bati na gesi, mzee. Hii ina jicho. Imetoka safari ya mbali, inatakiwa ilizoee joto la nyumba. Chumba chenye baridi, gizani, na imefungwa kwenye blanketi. Blanketi lenyewe liwe..."

"Zito, lisilo na manyoya, la rangi iliyoiva," alisema Mama Cherehani.

Kioo akamgeukia. Miwani ilimsaidia. Mwanamke alikuwa ametulia, anatabasamu kidogo, na Kioo akaona ni yule yule wa kila nyumba: mke aliyekwisha kutekwa na utaalamu.

"Mama ana akili," akamwambia Mapipa.

"Ya kushona tu," Mapipa akajibu.

Mama Cherehani akasema kufunga ni kazi yake, ameshafunga nguo za harusi ngapi, akachukua boksi akaingia nalo chumba cha nyuma. Wanaume wakabaki sebuleni na chai. Kioo alimfundisha Mapipa jinsi ya kukaa mbele ya HD: mgongo wima, usipepese sana, na ukiona picha haina tofauti usiseme kwa sauti, maana ni macho yako yanajianika mbele za watu. Mapipa alirudia maneno hayo kwa midomo mikavu kama mtoto anayekariri hesabu ya kuzidisha. Chumbani palisikika boksi likisogezwa, mlango wa jikoni ukifunguka na kufungwa.

Mama akarudi. Ameifunga, akasema, na ameishonea kabisa kwa uzi wa gunia, kwa kuwa anamjua mume wake, hatavumilia mpaka Jumamosi bila kuchungulia.

Kioo alimsifu. Kushonea hakukuwemo kwenye mipango. Akaomba aachwe peke yake na mashine kidogo, akisikilize chumba, na hapo asisumbuliwe.

Na bahati ilivyokuwa inampenda, akakuta kila kitu kinamngoja. Juu ya kitanda kulikuwa na furushi limeshonwa mishono mizuri ya karibukaribu. Pembeni yake, limekunjwa, blanketi la pili, pacha wa lile la kwanza. Na juu ya hilo, sindano ya gunia, uzi umeshatungwa tayari. Mtu mwingine angejiuliza. Kioo hakuwa amejiuliza swali tangu ujana wake. Aliinua furushi: uzito ule ule wa boksi, labda umezidi kidogo kwa ajili ya blanketi. Akalisukumia begini kwa nguvu. Akaitoa deki yake kuukuu, akaizungushia blanketi la pili, akapiga magoti mbele ya kitanda cha watu akaanza kushona.

Ilikuwa kazi ya jasho. Alijichoma kidole, akanyonya damu, akashona. Miwani ilimteleza mpaka puani. Mapipa alikohoa mlangoni akauliza kama chumba kimesikika. Kioo akamjibu kinasikika, ila dari bado. Akakaza uzi kwa meno.

Alipotoka begi limevimba kama lina mimba. Alikuwa na neno lake tayari: amefungua, ameitoa deki kwenye boksi ili ipumue, kisha ameshona tena, na boksi tupu anaondoka nalo yeye, maana wezi hupita majalalani wakitazama maboksi ili wajue nyumba ipi imenunua nini.

"Hilo sikulifikiria," Mapipa akasema, na kweli hakuwa amelifikiria, kama mengine yote. Akamlipa ujira wa ushauri, kiasi cha nauli na chakula. Kioo akautia mfukoni bila kuutazama. Mzigo wenyewe ulikuwa begani.

"Umeshona mwenyewe?" Mama Cherehani akamuuliza.

"Mtaalamu lazima ajue kila kitu, mama."

Alimsindikiza mpaka getini. Akalitazama begi, akamwonea huruma.

"Mbona zito hivyo, fundi? Boksi tupu?"

"Na vifaa vyangu, mama. Kazi hii ni ya kubeba."

"Kweli. Haya, safari njema. Ila futi yangu."

Kioo alicheka kimoyomoyo mpaka mbavu zikauma. Mtu anabebewa nyumba anadai mlango. Akaitoa mfukoni, akamkabidhi kwa mikono miwili. Mama Cherehani akaivaa shingoni, akafunga geti.

Kesho yake Kioo alishuka mji wa pili, kabla ya mwisho wa safari, na kwenda moja kwa moja kwa mnunuzi wake, mwenye kibanda cha vifaa vya umeme nyuma ya soko, mtu asiyeuliza kitu kimetoka wapi. Wateja wawili walikuwepo, na Kioo alipenda kuwa na watazamaji. Akaliweka furushi juu ya meza, akaomba wembe, akaanza hotuba yake kuhusu wembamba na utajiri huku akikata mshono mmoja mmoja. Mishono ilikataa. Ilikuwa mishono ya mtu anayekusudia. Hatimaye blanketi likafunguka, na ndani yake mlikuwa na pasi ya chuma iliyokufa, vigae viwili vya bafuni, na mabaki ya vitambaa vya sare yamejazwa pembeni kwa ustadi ili kitu kisigongane.

Mnunuzi aliitazama pasi, akamtazama Kioo, akajiona kwenye miwani.

"Hii nayo ni HD?" akauliza.

Wateja walicheka. Kioo akaigeuza pasi mkononi. Alikuwa analikumbuka lile tabasamu, na jinsi mwanamke alivyommalizia maneno yake kuhusu blanketi, maneno ambayo mtu hawezi kuyajua mpaka awe ameyasikia mahali. Akakumbuka na nyumba ya mteja anayemtafuta, ambako nako aliagiza blanketi zito, lisilo na manyoya, na siku ile kulikuwa na dada wa mwenye nyumba amekaa kimya kwenye mkeka anashona pindo la gauni.

Shemeji wa Mapipa ndiye aliyekuwa mteja huyo. Alikuwa anamtafuta Kioo ili amchagulie deki nyingine kwa ajili ya chumba cha kulala. Hajampata, na bado anauliza.

Mama Cherehani, aliyekwisha kuiona deki ya kaka yake ikitoa picha ile ile ya zamani, hakumweleza mumewe chochote, kwa kuwa mumewe humwamini mwanamume yeyote mwenye miwani kabla ya kumwamini yeye. Asubuhi iliyofuata aliitoa risiti kwenye shati aliloachiwa afue, akalichukua boksi kwa jirani alikolificha, akalirudisha dukani. Duka lilikuwa linapokea bidhaa ambayo utepe wake haujakatwa, na utepe haukukatwa, kwa sababu mashine ilikuwa inapumzika. Alirudishiwa pesa zote. Akaenda kwa fundi wa mtaa wa pili akaikomboa cherehani yake, akairudisha kwenye alama zake nne.

Mapipa aliikuta pale, akamuuliza pesa katoa wapi. Akaambiwa angoje Jumamosi, shemeji akiwepo, ataelezwa vizuri mbele yake. Hakuuliza tena.

Jumamosi deki ilizinduliwa kwenye blanketi na kufungwa kwenye televisheni. Picha ilikuwa ile ile ya siku zote. Mapipa alisema anaona vinyweleo. Shemeji alisema anaona vinyweleo na mizizi yake. Walikaa wima mpaka diski ikaisha, na kutoka kona ya dirisha cherehani ilikuwa inakwenda bila kupumzika.

Kioo yuko mji wa pili, anauza vifuniko vya simu barabarani. Miwani anayo. Sanduku lake lilikaa mwisho wa safari bila mwenyewe, maana nauli ya kulifuata hakuwa nayo, likarudishwa stendi lilikotoka, na huko haendi.

Pasi ilinunuliwa kama chuma chakavu. Vigae hakuna aliyevitaka.