Matanga ya Jina la Mtumbwi

Jumatatu, 14 Julai 2025
Nimechimba mchanga tangu alfajiri. Mgongo umekwisha. Nilitoka Kisarawe nije hapa kwa mwaka mmoja tu. Huu ni wa tisa. Jioni Mama Gaudensia, mwenye mtumbwi wa kuvusha watu hapa bwawa la Igombe, alituambia vibarua kwamba hataki tena kuona jina ADRIANO ubavuni mwa chombo chake. Adriano ni mumewe, aliyehamia Mpanda kwa muuza vitumbua. Atakayeandaa sherehe ya jina jipya, watu wakaridhika, ndiye atakayepewa kasia, awe mvushaji. Kazi ya kukaa! Nilijitolea kabla hajafunga mdomo. Erasmus, kibarua mwenzangu, naye. Hana akili ya sherehe huyo.

Jumanne, 15 Julai
Sherehe inataka wali na kuku. Nina sukari nusu kilo, na kopo la rangi ya kijani nililookota Kanyenye walipomaliza kupaka duka. Nikawaza huku nachimba. Harusini mwenyeji hulisha wageni. Msibani wageni huja na unga wao. Basi! Tutalizika jina la zamani. Matanga! Niliishia darasa la tano, lakini hili hata la saba hawalifundishi.

Jumatano, 16 Julai
Mama Gaudensia aliniuliza kama nina homa. Kisha akasema kumzika Adriano, hata kwa jina tu, si vibaya. Erasmus akaniuliza kwa upole: nina hakika nataka msiba? Hapa, kati ya watu wa kwao? Nikamwambia wivu mbaya. Akaondoka akicheka. Sijui nini kilimchekesha.

Jumamosi, 19 Julai
Akina mama walileta unga, maharage, karanga. Nikalikwangua jina, nikachimba shimo ufukweni. Mambo safi.
Nilisahau kitu kimoja. Msiba una watani. Mimi ni Mzaramo peke yangu kati ya Wanyamwezi, na tangu babu zao walipobeba pembe za ndovu kwenda pwani sisi ni watani. Mtani msibani hazuiliki.
Walikuja ishirini. Erasmus alijifunika shuka, akalala ndani ya mtumbwi, akatangaza kuwa yeye ndiye marehemu na hazikwi bila kuku. Bertila dada yake akajifanya mjane, akamwangukia: “Mume wangu wee! Unatuachia Mzaramo huyu, hata kuogelea hajui!” (Kweli. Nani alimwambia?) Wakapika unga wote. Wakala. Mimi wakanipaka masizi, wakanikalisha shimoni: nitoe kuku au nizikwe na jina. Kuku sina. Wakachukua chepe langu.
Mama Gaudensia alicheka mpaka akakaa chini. Miaka miwili sijayaona meno yake. Akasema watu wameridhika, akampa marehemu kasia. Marehemu akafufuka palepale, akaandika jina jipya kwa rangi yangu: MZARAMO.

Jumatatu, 21 Julai
Nimechimba kwa chepe la kuazima. Langu litarudi kwa kuku. Erasmus alipita na abiria, akapaza sauti kwamba leo Mzaramo kabeba mbuzi wanne na hajalalamika. Wote wakanigeukia.
Nimewaza sana. Kosa halikuwa msiba. Kosa ni shimo: lilikuwa kubwa, mtu anaenea. Siku ya arobaini wageni huja tena na unga, na nitamwomba Mama Gaudensia kasia lishindaniwe upya. Nitachimba dogo.
Nimemweleza Erasmus. Amekubali upesi. Amesema hata kualika atanisaidia.