Jukwaa Lenye Sarufi Safi

Jumanne, 8 Aprili
Shangazi Mwanamvua amenikabidhi laki sita za bati. Paa linavuja, chumbani kwangu hasa. Fundi anakuja Jumanne ijayo. Nimemwahidi kwamba siku hiyo laki sita zitakuwa tisa, kwa njia ya sarafu za mtandaoni. Akasema hajapata kuona sarafu isiyolia ikianguka, ila mimi ndiye niliyesoma. Niliyesoma! Sitakurupuka. Jukwaa la kuuzia sarafu nitalichagua kwa vigezo.

Jumatano, 9 Aprili
Kazini, masjala ilikuwa kimya. Nikachora jedwali: majukwaa saba, vigezo tisa. Leseni, makato, usalama, urahisi wa kutoa fedha. Hadi saa sita kichwa kinagonga. Yote yanajiita salama! Ndipo nikang'amua: matapeli hawajui ngeli. Jukwaa la kwanza laandika, "Pesa yako amefika." Nikalifuta. La pili, "Akaunti wako." Futa! La saba, Hazina Adili: "Fedha zako zimepokelewa; tafadhali vuta subira." Nukta mkato! Mahali pake kabisa! Vigezo vinane vilivyobaki nimevipa vema bila kuvisumbua.

Mikdad, dereva wetu, alichungulia. Yeye yumo kwenye lile la "amefika". Eti aliweka elfu kumi, akazitoa zote, zikaingia kwenye simu, ndipo akaongeza. Akaniuliza, we Kibwana, unatafuta pa kuweka pesa au unasahihisha mtihani? Nimemsamehe. Mtu asemaye "kiti yangu" atanielewa wapi?

Ijumaa, 11 Aprili
Nimeweka laki sita zote. Tayari zinasomeka laki saba na nusu! Nilifikiria kujaribu kutoa kidogo, kama Mikdad. Nikaona ni utovu wa adabu. Watu wamekuandikia "Mteja wetu mpendwa", halafu uwashuku?
Mvua. Godoro limehamia mlangoni.

Jumapili, 13 Aprili
Laki tisa na elfu kumi! Nikabonyeza Toa. Wakajibu kwamba nitangulize elfu themanini za ithibati. Nikaanza kushuku. Lakini "ithibati"! Tapeli gani analijua neno hilo? Nimemuuzia Mikdad baiskeli yangu, nikazituma. Alicheka tu, huku akijaribu kengele.

Jumanne, 15 Aprili
Hazina Adili haifunguki.
Fundi Husseni alifika saa mbili, akaegemeza ngazi, akapanda. Nikakiri, mbele yake. Shangazi hakupaza sauti, na hilo ndilo lililoniua. Akamwambia fundi, baba, shuka, pesa za bati zimekwenda shule. Kisha akanigeukia: chumba changu amepewa bata, yeye mvua haimkeri. Mimi nitalala ukumbini mpaka paa lipatikane.

Jumatano, 16 Aprili
Nimejifunza. Nimeandika kwa wino mwekundu: kamwe usiliamini jukwaa kwa nukta mkato moja.
Asubuhi nimepata ujumbe wa shirika liitwalo Rejesha Haki. Huwarudishia fedha waliotapeliwa. Wanataka elfu hamsini tu, za kufungua jalada. Mikdad kausoma, akasema hao ni walewale, nisiwe mjinga mara mbili kwa wiki. Safari hii nimekuwa makini: nimeusoma mara nne. Nukta mkato tatu. Na kwenye "tutawang'oa matapeli", ritifaa ya ng' ipo!
Barua ya kuomba karadha ya elfu hamsini nimeshaipeleka kwa mhasibu.