Meza ya Wagiriki

Jumatatu, 9 Juni 2025
Meza ya maktaba imekamilika. Mwalimu Coleta, mkuu wa sekondari moja kule Laela, akiipenda ataagiza nyingine kumi na mbili. Nimepima kwa jicho, kama fundi mzoefu. Upande mmoja umetoka mpana, wa pili mwembamba. Kidogo tu. Yusto, fundi wa ng'ambo ya barabara, alipita, akainamisha kichwa kuitazama, akaondoka bila salamu. Wivu.

Jumanne, 10 Juni
Binti yangu Jovina, wa kidato cha pili, kasema umbo la meza kwa Kiingereza linaitwa trapezium. Nikamtuma kwenye kamusi yake kubwa. Akasoma: neno limetoka kwa Wagiriki, na kwao lilimaanisha meza ndogo. Nikamwomba arudie. Meza ndogo! Kwa hiyo yangu ndiyo meza. Zile za Yusto ni milango iliyowekewa miguu. Nilivuka barabara kumwarifu. Aliendelea kupiga randa.

Alhamisi, 12 Juni
Laela. Meza ilisafiri juu ya basi la Tunduma, mimi ndani, nimevaa koti la harusi. Mwalimu Coleta kafundisha hesabu miaka ishirini, nikajua tutaelewana. Nilimweleza habari za Wagiriki. Alisikiliza mpaka mwisho, akakiri ni kweli. Kisha akaweka kikombe cha chai mezani. Meza ikayumba, chai ikamwagikia daftari la mahudhurio.
"Fundi, hilo neno kwa Wagiriki lilianzia kwenye miguu minne," akasema taratibu. "Huu wa nne mbona haugusi chini?"
Nikautazama ule mguu kama wa mtu mwingine.

Ijumaa, 13 Juni
Kazi kapewa Yusto. Meza zote kumi na mbili. Mke wangu Monika kaichukua meza, kaweka kigae chini ya mguu wa nne, anauzia maandazi. Niliumia mpaka jioni.

Jumapili, 15 Juni
Nimepona. Baada ya misa mzee Sebastiani kaniulizia fremu ya dirisha lake. Ipo tayari. Pande zote nne sawasawa, ila imelalia kushoto. Jovina anasema hiyo ni rhombus, na kwa Wagiriki lilikuwa jina la kitu kinachozunguka. Akauliza kwa nini nisiinyooshe tu. Mtoto hana jicho la biashara. Kesho nampelekea mzee dirisha la kuzunguka. Sumbawanga nzima hakuna aliye nalo.