Utafiti wa Basbusa ya Haji Mutawalli

Haji Mutawalli, muuza basbusa, ile keki ya semolina iliyoloa shira, katika mtaa wa Sayyida Zainab mjini Cairo, alikuwa akilichungulia duka tupu la ng'ambo ya barabara kwa macho ya mtu anayetamani mke wa pili. Shauki Zanati, aliyekuwa mkahawani akivuta shisha kwa mkopo, alimwona na roho ikamtulia. Alhamisi ya wiki iliyofuata alitakiwa apeleke dhahabu ya uchumba kwa kina Safinaz, na baba mtu alikwisha sema: bila dhahabu, hakuna binti. Mpaka hapo Shauki alikuwa na suti tu, nayo ya kuazima.

"Haji, unafungua tawi?" alisema, ameshamfikia. "Utafiti wa soko umefanya?"

"Utafiti gani tena? Watu wanakula basbusa yetu tangu enzi za babu."

"Mwenzio wa Shubra naye alisema hivyohivyo. Leo anauza soksi."

Haji, mtu wa kugombea kichwa cha samaki na paka wake, alimeza mate. Wakakubaliana pauni elfu thelathini, zilipwe ripoti ikikamilika.

Kampuni ikazaliwa. Mkurugenzi alikuwa Shauki, na wafanyakazi wote kwa jumla walikuwa Inshirah, mjane aliyepunguzwa kazi kiwanda cha nguo.

"Mshahara kiasi gani, ustadhi?"

"Mshahara! Mshahara unalemaza watu, dada yangu. Siku hizi ni kamisheni. Theluthi ya nitakachopata kwa Haji ni yako. Hiyo ndiyo motisha."

"Na usipopata kitu?"

"Basi tutakuwa na motisha ya kutafuta tena."

Inshirah akazunguka juani wiki nzima na sinia la vipande vya kuonja. Kila aliyeulizwa alijibu, "Mungu abariki mikono iliyoitengeneza!" kisha akaenda kununua kwa jirani. Nani amwambie mama wa watu kwamba sukari imezidi? Shauki naye aliandika ripoti bila kuinuka kitini: asilimia tisini na tisa wanaipenda. Ile moja aliiacha ili aaminike.

"Haji analipa leo?" Inshirah aliuliza siku ya Jumatano.

"Haji bahili, dada. Nikirudi mikono mitupu usishangae," alijibu Shauki, macho yakiwa kwenye kioo cha sonara.

Inshirah hakushangaa hata kidogo. Alijifunga mtandio, akasema ana shughuli kidogo, akaondoka.

Alasiri duka la Haji lilijaa wateja. Haji aliibusu ripoti, akatoa pochi. "Haya, mwanangu, pokea haki yako."

"Acha tu, Haji! Iwe juu yangu."

Hakuna muungwana wa Cairo anayepokea pesa mara ya kwanza. Kinyozi atakwambia acha tu, dereva wa teksi atakwambia acha tu, nawe unang'ang'ania mpaka umtumbukizie mfukoni kwa nguvu. Shauki alikwisha upanua mfuko.

"Haiwezekani, mwanangu."

"Wallahi, Haji, iwe juu yangu!"

"Umeapa?"

"Nimeapa!" alisema Shauki, akingoja kulazimishwa.

Haji akarudisha pochi kifuani. Machozi yalimtoka, na yalikuwa ya kweli. "Mmesikia, jamaa? Kijana ameapa! Mimi ni nani nimvunjie kiapo?"

Watu wakapiga makofi, bibi mmoja akapiga vigelegele. Shauki alitamani kulia, lakini mbele ya umati ule alibaki akitabasamu mpaka mashavu yakamuuma. Kwa ukarimu usio wa kawaida, Haji aliagiza afungiwe boksi la basbusa. Aliyelileta alikuwa Inshirah, amevaa aproni mpya.

"Dada! Wewe hapa?"

"Haji kaniajiri, ustadhi. Kwa mshahara wa mwezi, nilemae vizuri. Nilimwambia tu kwamba wewe muungwana sana, akikusihi kidogo tu utaapa mwenyewe." Alifungua boksi, akachukua kisu, akakata theluthi moja kwa unyoofu mkubwa. "Na hii kamisheni yangu."

Alhamisi baba yake Safinaz alimkuta kijana wa suti mlangoni na boksi lenye pengo. Alilitazama boksi, akaitazama mikono ya Shauki isiyo na kingine. Akaonja kipande.

"Mungu abariki mikono iliyoitengeneza," alisema, kisha akafunga mlango.