Subira ya Watoto wa Mpapura

Jumatatu, 2 Novemba 2009

Nimepata! Dokta Sabina amenichukua maabara ya saikolojia, msaidizi wa utafiti. Kwa majaribio tu, kasema. Mimi na Witness wiki hii, kisha atabaki mmoja, na huyo ataandamana naye Dar mwezi ujao kwenye mkutano wa wataalamu. Witness ni binti wa mwalimu mmoja wa Magomeni ya hapa mjini. Anawahi, anaandika kila kitu, hacheki. Namwonea huruma.

Maabara yenyewe imenivunja moyo kidogo. Hakuna hata kichupa. Meza, viti vya watoto na pazia. Nami nilishaazima koti jeupe la binamu yangu anayeuza nyama sokoni! Nimelivaa hivyo hivyo. Dokta alilitazama sana doa la mfukoni. Nadhani alivutiwa.

Jioni nimemwambia mama kwa simu kwamba nafasi ni yangu tayari. Kabla ya chakula alikuwa ameshaitangazia jumuiya nzima. Sasa hakuna kurudi nyuma.

Jumanne, 3 Novemba

Dokta ametueleza utafiti. Mtoto anakalishwa mezani, anawekewa biskuti moja. Anaambiwa akisubiri bila kuila mpaka urudi, atapata mbili. Unatoka, unachungulia nyuma ya pazia, unaandika. Basi. Watu wanapewa udokta kwa mambo haya.

Kesho tunaanza shule moja ya msingi Mpapura. Mimi nimekabidhiwa katoni ya biskuti, Witness fomu. Inaonekana wazi nani anaaminiwa.

Tatizo ni pikapu ya chuo. Mbele kuna nafasi ya abiria mmoja, kwa sababu kiti kingine kimevunjika. Mtafiti hawezi kufika kijijini na vumbi kichwani.

Jumatano, 4 Novemba

Mussa dereva ni mtu wa kuelewana naye. Nimemkatia pakiti kadhaa za biskuti, nikakaa mbele. Witness kakaa nyuma na viti. Dokta alibaki chuoni kusimamia mtihani.

Njia ni ndefu na sikuwa nimekunywa chai. Isitoshe, mtafiti makini lazima ajue kifaa chake kina ladha gani. Tulipoingia Mpapura katoni ilikuwa nyepesi sana.

Hapo akili ikafanya kazi. Mwalimu mkuu, Mwalimu Shafii, alitupokea kwa sinia la korosho za kukaanga, maana ndio msimu. Kwetu Singida korosho unaonja harusini, na ukichota mara ya pili watu wanakutazama. Mtoto gani ataiona korosho atulie? Nikamwachia Witness biskuti zilizosalia, kwa moyo mweupe kabisa, nikaingia na sinia langu chumba cha pili. Aliuliza nimebeba nini. Nikamjibu ni mambo ya kitaalamu.

Watoto walipoona koti walikimbia wakidhani ni chanjo. Nikalivua.

Matokeo ni ya ajabu. Chumbani kwangu hakuna mtoto hata mmoja aliyegusa korosho. Walihesabu mbao za dari. Mmoja alisinzia. Nilipompa zawadi binti mmoja anaitwa Hawa, alizitazama zile korosho mbili, akanitazama mimi, akaniambia taratibu, mjomba, kula wewe tu. Wenzake wote nao waliacha zawadi zao mezani. Subira na ukarimu, vyote pamoja! Nikazikusanya mfukoni mwa koti.

Kwa Witness ilikuwa aibu. Biskuti zilikwisha kabla hajafika mlangoni. Nimemshauri kwa wema kwamba kazi hii inataka haiba.

Alhamisi, 5 Novemba

Dokta amesoma matokeo mara mbili. Akauliza inakuwaje darasa moja, lililogawanywa vyumba viwili, likatoa walafi upande mmoja na malaika upande wa pili. Nikamweleza kwamba mtoto huiga utulivu wa mtu mzima aliye mbele yake. Nikapendekeza tuyaite matokeo haya kwa jina langu, Athari ya Dickson. Akauliza kama sote tulitumia biskuti. Nikasema mimi nilitumia kifaa cha kiwango cha juu zaidi.

Kesho anakwenda Mpapura mwenyewe. Hakika anataka kuushuhudia muujiza kwa macho yake.

Mama amepeleka suti ya baba kwa fundi ipunguzwe, niende nayo Dar.

Ijumaa, 6 Novemba

Walikwenda Dokta na Witness. Mimi niliachwa. Dokta amerudi, akaniita.

Amezungumza na Hawa. Hawa kamwambia kwao korosho zimejaa magunia mpaka uvunguni mwa kitanda, na kila akitoka shule anakalishwa kubangua. Hataki hata kuziona. Lakini si hilo tu. Watoto walimwona mtu mzima, katoka mjini, koti lina doa, chakula chake ni korosho tu na bado anagawia watu. Wakanong'onezana wasile, wamwachie mjomba.

Niliumia, siwezi kuficha. Kuonewa huruma na darasa la pili!

Kuhusu katoni, Mussa alishasema yote. Dokta akaniambia nafasi ni ya Witness. Nikamfikiria mama, na suti iliyokwisha kufumuliwa kwa fundi. Nikaomba. Sijawahi kumwomba mtu namna ile. Mwishowe akasema nije Jumatatu, atanijaribu mara moja tu.

Jumatatu, 9 Novemba

Amenikalisha maabara, kwenye kiti cha mtoto. Mezani kaweka sahani na biskuti moja. Akasema niiache hapo, nimsubiri, akirudi tutazungumza habari za Dar. Akatoka. Chini ya pazia naona viatu vya Witness. Maskini, bado anajifunza kwangu.

Nilitulia. Lakini sikuwa nimekunywa chai. Kisha nikaelewa. Msomi kama Dokta hawezi kupima subira ya mtu mzima, hilo ni jambo la watoto. Anapima ubunifu. Mfukoni mwa koti bado nilikuwa na korosho za Mpapura. Nimekula biskuti na kuweka korosho katikati ya sahani, pale pale. Ukiwa mbali huoni tofauti.

Nyuma ya pazia mtu anaandika kwa kasi. Dokta namsikia anakuja. Nimemtumia mama ujumbe, fundi amalizie suti.