Mti Mzima wa Ndege

Jumatatu, 14 Oktoba

Wageni wote wamelala kwa jirani yangu, bwana Ma Jong-gil, tena. Sababu? Dubu amevunja mizinga yake ya nyuki! Mtu kaibiwa, badala ya kulia anauza masalia kwa jina la asali ya dubu. Nyumba yangu ya wageni, yenye sakafu inayopashwa moto na mlima Jiri wote dirishani, tupu. Ma kaniuliza toka ng'ambo ya barabara kama panya wangu wameshalipia vyumba. Nilicheka. Moyoni nilivimba.

Jumatano, 16 Oktoba

Binti Seok, askari wa hifadhi, kapita nyumba kwa nyumba akituomba tuchume gam zote mitini, yale matunda yetu ya rangi ya chungwa. Dubu jike, wanayemwita Sitini na Nane, amenusa utamu wake na anashuka. Dubu walikuwa karibu kwisha mlimani. Wamerudishwa mmoja mmoja, na huyu ni mzazi mzuri. Akizoea vya watu, atakamatwa na kufungiwa maisha. Nikainama kwa heshima zote. Hapo hapo nikapata wazo!

Ijumaa, 18 Oktoba

Desturi ni kuacha gam chache kileleni kwa ajili ya ndege. Nimeacha mti mzima. Binti Seok kauliza ni ndege gani hao, mbuni? Nikamjibu kwamba mimi si mchoyo. Mke wangu Ok-bun akaniita baba Seul-a kwa ile sauti yake, akasema ujanja wangu utamponza asiye na hatia. Hajui biashara.

Jumapili, 20 Oktoba

Amekuja! Mchana kweupe! Alikaa juu ya tawi, kifuani ile alama yake nyeupe, akifumba macho kila alipomeza. Nilisahau kamera. Nilimsahau hata Ma. Mama yangu alizeeka chini ya mlima huu bila kumwona dubu. Nililia, sioni haya.

Jioni vyumba vilijaa. Ma alisimama uani kwangu akihesabu viatu vya wageni. Raha!

Alhamisi, 24 Oktoba

Leo dubu kasukuma mlango wa jiko letu, akakaa mbele ya mitungi ya kimchi, kabichi yetu ya kuchachusha, kama mpangaji. Askari wa hifadhi wakamdunga sindano ya usingizi. Binti Seok alimfunika macho kwa kitambaa, akaniambia huyu harudi tena mlimani. Kisha akaomba maji ya kunywa. Afadhali angenitukana. Mimi ndiye niliyemfunga, si mwingine.

Jumapili, 27 Oktoba

Chakula hakipiti. Nimeapa mbele ya Ok-bun: ujanja basi. Akanisogezea bakuli la supu.

Baadaye Ma akaleta habari: dubu mdogo kaonekana kijitoni, anazunguka peke yake. Lazima ni mwanawe. Maskini, nani atamlisha?

Nimefikiri sana. Kosa halikuwa chakula. Kosa lilikuwa mahali, karibu mno na jiko. Nimechoma viazi vitamu na kuvipanga nyuma ya ghala. Ukikaa chumba cha pili unaona kila kitu.